Duma: bendi ya metali ya Nairobi isiyo na mpiga ngoma

Agosti 2020, dunia ikiwa bado imejifungia ndani kwa hofu ya Korona, lebo moja ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes (jina ambalo Mswahili hulitaja baada ya kuangalia nani amekaa karibu) ilitoa albamu ya Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu. Bendi yao iliitwa Duma, na albamu nayo ikapewa jina hilohilo. Usimfikirie yule mnyama mwenye mbio. Jina wamelitoa kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza. Waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani waliisifu sana. Nairobi kwenyewe, ukimtoa mtu anayefuatilia metali (ile roki nzito ya magitaa yanayokwaruza) kwa karibu, wengi hawajawahi kuisikia.

Anayeisikiliza mara ya kwanza kwa kawaida huwa na maswali mawili. Je, hii ni metali au ni muziki wa kompyuta? Na huyo mpiga ngoma wao ni nani, mbona hachoki? Swali la pili lina jibu fupi: hayupo. Ngoma zote zinatoka kwenye mashine. Swali la kwanza ndilo refu, na nadhani linajibika tu ukianzia hapo, kwenye kiti kitupu cha mpiga ngoma.

Kuchanganya roki na muziki wa kielektroniki si jambo jipya. Njia iliyozoeleka ni ya bendi kamili yenye gitaa, besi, ngoma na mwimbaji, ambayo inaongeza kinanda na sauti za kompyuta ili kukoleza. Rammstein wa Berlin walianza na mtindo huo miaka ya 1990 na wamefika mpaka kujaza viwanja vya mpira. Kule mashine ni mgeni: anakaribishwa, anapewa nafasi yake, lakini nyumba si yake. Wapo waliotoka upande wa pili. The Prodigy wa Essex, Uingereza, walianzia kwenye muziki wa kuchezeshea watu usiku kucha, na kufikia albamu yao ya 1997, The Fat of the Land, walikuwa wameingiza magitaa na hasira ya panki, ile roki fupi na kali ya vijana waasi. Kwao gitaa ndilo mgeni.

Njia ya tatu ni nadra zaidi na ina ukali wake. Hapa mashine haiongezwi juu ya bendi. Mmoja wa wanabendi anaondoka na mashine inakalia kiti chake, na wote waliobaki inabidi wabadilike ili waweze kuishi nayo.

Mfano ninaoupenda ni wa Birmingham, mji wa viwanda vya chuma ambako Black Sabbath walianzia mwaka 1968 na metali ikapata umbo lake. Mwaka 1987 bendi ya hapohapo, Napalm Death, ilitoa albamu iitwayo Scum. Ilikuwa na nyimbo fupi mno, zimepigwa kwa kasi ambayo watu hawakuwa wameizoea, na mmoja wao wenye sekunde 1.316 uliingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kama wimbo mfupi kuliko zote duniani. Mtindo huo wa kasi na mayowe ndio ulioitwa graindikoo. Gitaa la upande wa kwanza wa Scum lilipigwa na kijana aitwaye Justin Broadrick. Hakukaa. Mwaka uliofuata alianzisha Godflesh pamoja na mpiga besi G. C. Green, wakaamua kutokutafuta mpiga ngoma kabisa. Albamu yao ya 1989, Streetcleaner, inaendeshwa na mashine ya ngoma: nzito, ya polepole, isiyojali kama wewe umechoka au la.

Kwa hiyo mtu mmoja, ndani ya miaka miwili mitatu, alishika ncha zote mbili: kasi ya kibinadamu iliyopitiliza na mashine isiyo na huruma. Hakuzifunga pamoja, kwa sababu mashine ya Godflesh ilikwenda taratibu. Baadaye walijitokeza wengi waliojaribu kuzifunga. Atari Teenage Riot, iliyoanzishwa Berlin mwaka 1992, ni kati ya waliosikika zaidi. Duma wako kwenye ukoo huo, ingawa wao wameufikia kutokea Nairobi kwa kupitia Kampala.

Kabla ya kufika huko, inafaa tuelewe kwa nini vitu hivi viwili vinashikana. Watu wengi hudhani gitaa la metali na mashine ni maadui, kwamba moja ni jasho na nyingine ni baridi ya kompyuta. Kwa sikio, ni ndugu wa karibu mno.

Chukua gitaa la umeme lililo safi. Waya unapotikisika, umeme unaotoka huwa ni wimbi linalopanda na kushuka kwa ulaini. Sasa liongezee nguvu kupita kiwango ambacho amplifaya inaweza kubeba. Wimbi linataka kupanda zaidi lakini limefika dari, hivyo vilele vyake vinakatwa na kubaki bapa. Kukatwa huko kunazaa sauti mpya za juu ambazo hazikuwepo kwenye waya, na ndizo sikio linazozisikia kama mkwaruzo. Ukizidisha sana, wimbi linakaribia kuwa la pembe nne: juu, chini, juu, chini, bila mteremko katikati. Na wimbi la pembe nne ndilo mojawapo ya mawimbi ya msingi ambayo kinanda cha kielektroniki hutengeneza tangu mwanzo, bila waya wala kidole. Mpiga gitaa wa metali ametumia pedali na amplifaya kulitoa gitaa lake kwenye mti na chuma na kulisogeza mpaka karibu na mlango wa mashine. Ndiyo maana kwenye albamu ya Duma kuna sehemu ambazo huwezi kuapa kama unachosikia ni gitaa au ni kompyuta, na kwangu mimi kutokuwa na uhakika huko ni sehemu ya raha yenyewe.

Mkwaruzo huo pia unaeleza kwa nini wapiga gitaa wa metali hupenda kubonyeza noti mbili tu kwa pamoja badala ya tatu au zaidi. Kila noti inaleta mlolongo wake wa sauti za juu, na zikiwa nyingi zinapigana na kuwa uji. Noti mbili zinazopatana zinabaki wazi hata zikikwaruzwa vibaya.

Ngoma nazo zina hesabu yake. Kiini cha graindikoo ni pigo liitwalo blasti biti: mguu kwenye ngoma kubwa na mkono kwenye ngoma ndogo, vikipokezana haraka kiasi kwamba masikio yanasikia ukuta badala ya hatua. Mpiga ngoma hodari hupiga hivyo kwenye mapigo 200 hadi 250 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne. Piga hesabu ya 240: ni vishindo 960 kwa dakika, yaani 16 kwa sekunde, vikigawanywa kati ya mguu na mkono. Mwili wa binadamu unaweza hilo kwa mazoezi ya miaka, na kwa muda mfupi tu.

Mashine haichoki, kwa hiyo inaweza kuendelea kupanda. Fikisha mapigo 300 kwa dakika na ugawanye kila moja mara nne. Sasa una vishindo 20 kwa sekunde. Hapo jambo la ajabu linatokea, na ni la maumbile ya sikio wala si la mtindo wa muziki. Mitikisiko karibu 20 kwa sekunde ndiyo mpaka wa chini ambapo sikio la mwanadamu linaanza kusikia noti badala ya vishindo vilivyotengana. Chini ya hapo unahesabu, juu ya hapo unasikia mlio. Ngoma ikiendeshwa kwa kasi ya kutosha inageuka kuwa sauti ya besi inayonguruma. Wanamuziki wa kielektroniki wanalijua hili vizuri na hulichezea makusudi: ngoma inaharakishwa mpaka inakuwa mlio, kisha inapunguzwa mpaka inavunjika tena kuwa vishindo. Mpiga ngoma wa nyama na damu hawezi kuvuka mpaka huo akarudi. Mashine inavuka bila kuombwa. Nikiambiwa kwamba bendi isiyo na mpiga ngoma imekosa kitu, ninakubali, lakini imepata pia mahali pa kwenda ambapo wenzake hawafiki.

Halafu kuna breikikoo, mtindo mwingine unaotajwa kila Duma wanapojadiliwa. Huu haukuanza na ngoma za kutungwa kwenye kompyuta. Ulianza na ngoma za watu halisi zilizorekodiwa zamani, zikakatwa vipande vidogo na kupangwa upya kwa fujo iliyopimwa. Kipande kilichotumika kuliko vyote ni cha sekunde chache kutoka wimbo wa 1969 wa bendi ya Marekani The Winstons, kikipigwa na Gregory Coleman. Sekunde hizo zimejenga maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Ninalitaja kwa sababu watu hupenda kusema mashine haina mtu ndani yake, na mara nyingi yumo, isipokuwa hatajwi kwenye jalada.

Turudi kwa Duma. Khanja na Karugu hawakuokotwa popote. Walitoka kwenye bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, katika kundi la mashabiki ambalo ni dogo lakini lina ubishi wa kutosha kujaza uwanja. Kenya imekuwa na bendi za roki na metali kwa miaka mingi: Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy na nyinginezo. Kwa muda kulikuwa hata na kituo cha redio cha roki, X FM. Lakini metali haikuwahi kuwa muziki wa harusi wala wa matatu, na mazingira yalikuwa na historia yake. Oktoba 1994 Rais Moi aliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada za shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikafika bungeni mwaka 1999. Mtoto aliyekulia kwenye hewa hiyo, akavaa fulana nyeusi yenye mafuvu na kupiga mayowe kwenye kipaza sauti, alikuwa na maelezo ya kutoa nyumbani.

Mayowe yenyewe yanastahili neno. Mtu asiyezoea hudhani mwimbaji anajiumiza tu. Mbinu halisi ni kusukuma pumzi kutoka tumboni na kuifanya mikunjo iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti itikisike, huku nyuzi zenyewe zikipunguziwa mzigo. Anayefanya vibaya hupoteza sauti usiku huohuo. Anayefanya vizuri anaweza kuzunguka na shoo kwa miaka. Matokeo ni sauti isiyo na noti ya wazi, yenye masafa mengi kwa wakati mmoja, ambayo kwa sikio iko karibu zaidi na kelele ya mashine kuliko na uimbaji wa kwaya. Khanja hubadilisha aina za sauti kila baada ya mistari michache: mngurumo wa chini, kilio cha juu, mara mnong'ono. Maneno husikika kwa shida. Ukiyatafuta maneno utakereka. Ukiisikiliza sauti kama chombo kingine cha mdundo, mambo yanafunguka. Sasa unganisha na kile nilichosema juu ya gitaa: waya umekwaruzwa hadi ukakaribia mashine, na koo nalo limekwaruzwa hadi likakaribia mashine. Mashine haikuhitaji kusogea hata hatua moja.

Albamu ilirekodiwa katikati ya 2019, kwa miezi mitatu, kwenye studio ya Nyege Nyege jijini Kampala. Kwa maoni yangu safari hiyo ya kuvuka mpaka wa Busia au Malaba ndiyo iliyoitofautisha Duma na bendi nyingine nzuri za Nairobi. Nyege Nyege ilianza kama tamasha karibu na chanzo cha mto Nile, Jinja, mwaka 2015, likiongozwa na Arlen Dilsizian na Derek Debru, na lebo ikafuata. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha hilo kwa madai ya uasherati, kisha serikali ikalegeza kamba na likafanyika. Lebo yao haikuwa ya roki hata kidogo. Ilikuwa inarekodi muziki wa kuchezeka wa kasi, wa vijana wenye kompyuta za bei nafuu.

Na hapa ndipo msomaji wa Tanzania anapoingia. Mwaka 2017 lebo hiyohiyo ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliotoka kwenye studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Ni singeli. Watu wa nje waliposikia mapigo ya 200 mpaka 300 kwa dakika walishika vichwa. Sisi tulikuwa tunayasikia kwenye vigodoro na kwenye daladala, na tulichokilalamikia kilikuwa maneno, si kasi. Singeli na Duma si muziki mmoja. Singeli imetokana na mchiriku na taarabu, inacheka, inatania, inataka watu wacheze. Duma hawatanii. Lakini kwa upande wa mwendo wapo kwenye barabara moja, na lebo iliyokuwa tayari imeizoea singeli haikuwa na sababu ya kuwaambia vijana wa Nairobi wapunguze kasi. Ndiyo maana ninaamini kijana wa Manzese ana masikio yaliyoandaliwa kuipokea Duma kuliko shabiki wa roki wa Ulaya aliyezoea mapigo 120 na kiitikio cha kuimba pamoja. Kinachomzuia ni kwamba hakuna aliyemwambia ipo.

Kuna jambo linaloniudhi kidogo kwenye namna bendi hii inavyoelezwa ng'ambo. Wapo wanaosikiliza metali kutoka Nairobi huku wakitafuta ngoma ya kijijini iliyofichwa chini yake, kana kwamba Mwafrika akipiga kelele lazima iwe kelele ya mababu. Kweli, kwenye wimbo kama Omni kuna midundo kadhaa inayokwenda kwa hesabu tofauti kwa pamoja, na mpenzi wa ngoma za kwetu atatambua ladha hiyo. Lakini Khanja na Karugu walikulia kwenye jiji la mamilioni ya watu, lenye jenereta, honi, spika za matatu na intaneti. Metali waliisikia kama walivyoisikia vijana wa São Paulo au wa Jakarta. Hawahitaji cheti cha kijiji ili waruhusiwe.

Baada ya albamu ya Duma, Khanja amekuwa akifanya kazi pia kwa jina la Lord Spikeheart. Mwaka 2021 alishiriki kwenye Tewari, albamu ya Shigeru Ishihara, Mjapani aliyejiita Scotch Rolex baada ya kupita Kampala. Na yeyote aliyewahi kula chapati iliyoviringishwa na mayai pembeni mwa barabara ya Uganda anajua hiyo rolex si saa. Mwaka 2024 Lord Spikeheart alitoa The Adept kupitia Haekalu, lebo aliyoianzisha mwenyewe. Albamu hiyo aliihusisha na mzee wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau na kufikia cheo cha juu kabisa cha jeshi hilo, aliyefariki Septemba 2023. Ukiijua hiyo, hasira ya sauti yake inapata mahali pa kusimama. Pia inaonyesha anakoelekea: badala ya kusubiri lebo ya nje ichague, anataka Nairobi iwe na mlango wake wenyewe wa kutolea muziki huu.

Kwa anayetaka kujaribu, usianze mwanzo wa albamu kwenda mwisho, utazimika njiani. Anza na Lionsblood, kwa sababu ngoma zake bado zina ukaribu na trapu, mdundo mzito wa hip-hop, na mwili unapata pa kushika. Kisha Omni, ufuatilie mdundo mmoja tu na kuiacha mingine ipite, halafu urudie na kufuata mwingine. Pembe 666 iache kwa siku ambayo umeudhika. Tumia spika zenye besi au visikilizi vinavyoziba masikio vizuri, kwa kuwa spika ndogo ya simu hukata sauti zote za chini, na kwenye muziki huu nusu ya ngoma inakaa huko chini. Na sauti usiifungulie sana mara ya kwanza, hasa kama kuna wazee chumba cha pili.